Kabla ya Jhansi kulikuwa na Chennamma wa Kittur

Wakitajwa malkia wa India waliompinga Mwingereza kila mtu anamtaja Lakshmibai wa Jhansi, na ni haki yake kabisa, ila mi leo namtaka Chennamma wa Kittur, maana huyu mama alisimama mwaka 1824, yaani miaka 33 kabla ya yale maasi makubwa ya Wahindi ya 1857 aliyopigana Lakshmibai, na huku kwetu jina lake halisikiki kabisa.

Kittur ilikuwa himaya ndogo tu, upande wa Belgaum, Karnataka ya leo. Mwaka huo mtawala wake kijana akafariki bila kuacha mtoto, ndo wakamrithisha Shivalingappa, mtoto wa kuasili. Kwa mila za Wahindu huyo ni mtoto kamili, anarithi na anamfanyia baba ibada za msiba. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, ile kampuni ya biashara iliyokuwa na jeshi lake na kutawala sehemu kubwa ya India, ikasema haimtambui. Jamani hapa ndo roho inaniuma, mtu katoka ng'ambo huko, hawajui wazee wa ile nyumba wala ukoo wao, halafu anakaa anaamua nani mtoto na nani si mtoto, kwa sababu asipokuwepo mrithi basi nchi inakuwa yake na hazina inakuwa yake. Walinzi wao waliwekwa kwenye hazina hata msiba haujapoa!

Chennamma, mjane wa mfalme wa zamani, akakataa. Tarehe 23 Oktoba 1824 Thackeray, mkuu wa serikali ya Kampuni pale Dharwad, akafika na mizinga mbele ya lango la ngome, lango limefungwa, mara likafunguliwa ghafla na watu wa Kittur wakamiminika nje, Thackeray akauawa palepale.

Maofisa wawili, Elliot na Stevenson, wakakamatwa. Watu wanapenda kusimulia upanga na farasi, lakini mi ukuu wa Chennamma nauona kwa hawa mateka. Hakuwaua. Aliwaweka hai na baadaye akawaachia akitegemea kwamba vita itakwisha, na Kampuni ilipowapata watu wake ikaivamia Kittur vilevile, Desemba hiyohiyo, na jeshi kubwa zaidi. Ngome ikaanguka, mama akafungwa Bailhongal, akafia hukohuko kifungoni mwaka 1829. Nani hapo alikuwa mstaarabu? Maana ustaarabu ndo walikuwa wanajidai wameuleta.

Sanamu yake ipo kwenye viwanja vya bunge la India tangu 2007, na kila Oktoba Kittur wanafanya sherehe kuukumbuka ule ushindi wa langoni.

Na ngome ilipoanguka mambo hayakuishia pale, kuna askari wake mmoja, Sangolli Rayanna, aliingia msituni na wanakijiji wakawa wanachoma ofisi za Kampuni na nyaraka za ardhi, mpaka akasalitiwa, akanyongwa Nandgad mwaka 1831. Chennamma alishazikwa, Kittur ilishachukuliwa, na Rayanna bado alikuwa anampigania Shivalingappa akae kwenye kiti cha baba yake.