Mtoto akishadumaa, sahani ya shule itamfaa nini?

Kwenye mstari wa asubuhi wa shule moja mtaani Nyalenda, Kisumu, mwalimu alinitaka nikisie gredi za watoto kwa kuwatazama tu. Wawili wa gredi ya tano niliwaweka gredi ya pili. Mashavu wanayo, hawajakonda. Ni kimo tu kimebaki nyuma ya umri. Kudumaa ndiko huko.

Wapo wanaosema hapo gari limeshaondoka. Pesa ziende kwa mama mjamzito na mtoto hadi atimize miaka miwili, zile siku 1,000, kwa sababu baadaye mfupa haudanganyiki. Hawabahatishi. Utafiti mkubwa wa Kakamega, Bungoma na Vihiga, uliochapishwa 2018, ulionyesha kuwa maji yaliyotiwa dawa, vyoo na kunawa mikono peke yake havikuwaongezea watoto kimo. Waliopewa nyongeza ya lishe waliongezeka kidogo tu, na hao walianza wakiwa wachanga!

Lakini Embu, mwishoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi walipikiwa githeri, yaani mahindi na maharagwe, shuleni, wengine wakaongezewa maziwa, wengine nyama. Miongoni mwa waliokuwa wafupi kwa umri wao, wa maziwa walirefuka zaidi ya wasiopewa chochote. Wa nyama walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili. Na dawa za minyoo zilizotolewa katika shule 75 za Busia kuanzia 1998, watafiti waliripoti kuwa zilipunguza utoro kwa takriban robo. Mtoto anayehudhuria masomo ana faida isiyoonekana kwenye futi ya kupimia.

Kwa hiyo kuhusu kimo nakubaliana na wa siku 1,000, kwa sehemu kubwa. Ninapoachana nao ni pale hoja hiyo inapogeuzwa kisingizio cha kumpa mwanafunzi chochote cha kujaza tumbo. Tena hapa tunaishi kando ya ziwa. Omena, yaani dagaa, inaanikwa ufuoni, kisha magunia mengi yanapakiwa kwenda kutengenezewa chakula cha kuku. Kuku wanajua kula.

Jikoni, mpishi alifunua sufuria: mahindi yameumuka, maharagwe ya kuhesabu. Nikamuuliza gorogoro moja ya omena ingetosha watoto wangapi.

“Ukiisaga ukaitia kwenye mchuzi, wengi,” akasema. “Lakini mimi napika kilicholetwa.”