Wasii Asiye na Shangazi

Barua ya kutuarifu kwamba wasii wa baba yangu, yaani mtekelezaji wa wosia wake, ni benki ilikaa wiki saba kwenye kabati la mwalimu mkuu. Nilikuwa nimeshaacha ualimu miaka mitatu, lakini baba, Mungu amrehemu, alikuwa na anwani yangu moja tu kwenye daftari lake: sanduku la posta la shule ile. Karani aliiweka chini ya mafaili ya mtihani wa darasa la saba. Siku niliyopita kuwajulia hali ndipo akaikumbuka. "Mwalimu, kuna bahasha yako ya Ulaya."

Zile wiki saba zilitugharimu, na nitaeleza.

Baba alikuwa baharia. Aliondoka Mikindani mwaka 1974, mimi nina miaka minne, na baada ya kuzunguka na meli alituama Cardiff, mji wa bandari huko Wales ambako mabaharia kutoka Afrika na Arabuni walishaweka makazi tangu enzi za makaa ya mawe. Akaoa tena huko, akapata binti, akanunua kijumba cha matofali. Kwetu alikuja likizo mara chache, ila fedha hakuacha kutuma. Alipofariki mwaka juzi ndipo tukajua kuwa mwaka 1991 alikwenda benki kwa shughuli zake nyingine, akashauriwa na kijana wa kaunta aandike wosia palepale, bure, na penye nafasi ya wasii likaandikwa jina la benki yenyewe.

Bure ilikuwa kuandika. Kutekeleza kulikuwa na bei yake.

Watu wengi niliowasimulia hapa Mtwara wananiambia mzee alikuwa na akili: benki haina shangazi, haina mke mdogo, haina mtoto wa nje, kwa hiyo haiwezi kupendelea. Siwapingi moja kwa moja. Naijua sababu ya baba. Alipokuwa kijana alishuhudia mjomba wake akifariki na kuacha mikorosho. Kwa desturi ya zamani ya Wamakonde, na ya Wamwera pia, mali ya mwanamume ilikwenda upande wa mama, kwa wapwa zake. Watoto wa kuzaa wao walishaanza kusema dini na sheria zinawapa wao. Msimu wa korosho ukaingia, kila upande ukaenda kuokota usiku ili mwenzake asiwahi. Baba alikuwa mmoja wa wapwa. Aliniambia hadithi hiyo zaidi ya mara moja na kila mara aliishia kwa kicheko kisicho na furaha. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha taasisi yenye mhuri, kompyuta na watu wasiomjua, lazima aipende.

Ninachobisha ni kwamba alinunua kitu bila kuuliza bei, na hakumwambia mtu yeyote kama amekinunua.

Bei ilikuja kwenye ukurasa wa tatu wa ile barua: asilimia 4 ya thamani ya mali yote, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya huko, ambayo ni asilimia 20. Nyumba na akiba vyote pamoja vilikadiriwa pauni 180,000. Piga hesabu: 7,200, ongeza kodi 1,440, jumla 8,640. Baba mdogo alikuwa kwenye jamvi anamenya ming'oko nilipomsomea. Akasimamisha kisu. "Hiyo ni bodaboda nane, na chenji ya salfa ya mikorosho inabaki. Wamechimba nini hao, kaburi?" Kaburi nalo lilikuwa kwenye gharama nyingine.

Sasa kuhusu wiki saba. Sheria ya Uingereza na Wales haimlazimishi mtu aliyetajwa kuwa wasii akubali kazi. Anaweza kujitoa kwa maandishi, na benki nazo huweza kujitoa warithi wote watu wazima wakiomba kwa sauti moja, hasa mali ikiwa ndogo na haina ugomvi. Sharti lake ni kwamba awe hajaanza kuigusa mali. Akishakusanya fedha za marehemu au akishaanza kuuza kitu, amekwishaingia, na mlango wa kujitoa umefungwa. Barua yangu ilipokuwa inalala kabatini, benki ilishafunga akaunti ya baba, ilishachukua kiinua mgongo chake cha ubaharia, ilishamwita dalali wa nyumba. Tulipoandika kuwaomba watuachie, jibu lilikuwa fupi na la heshima: tumeshaanza kazi. Mahakama Kuu ya kule inaweza kumwondoa wasii na kuweka mwingine, lakini wakili wa kuisimamia kesi hiyo angekula zaidi ya zile bodaboda nane.

Lakini kwa nini dada yetu wa Cardiff hakuwazuia mapema? Hili nilimuuliza kwa hasira, na haikuwa haki yangu kukasirika. Alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Kaka, niliogopa. Ningesema nisimamie mimi, mngesema nataka kula peke yangu. Nikaona bora wale wao." Wosia ulitugawia sote watatu sawasawa, mimi, ndugu yangu wa Lindi na yeye. (Baba mdogo alipata la kusema hapo pia, kuhusu fungu la mwanamke na kuhusu wosia kumpa mrithi, na sheikh wa msikiti wetu alikuwa upande wake. Hilo lina makala yake.) Kumbe baba alikimbia ugomvi wa ukoo, na hofu ya ugomvi ule ule ndiyo iliyomfunga mdomo binti yake.

Kisha benki wakataka vielelezo vya utambulisho wetu. Nakala ya kitambulisho iliyothibitishwa na wakili, sawa. Kiapo kueleza kwa nini jina la baba kwenye cheti changu cha kuzaliwa limepungua herufi moja, sawa, kila Mtanzania ana kiapo kama hicho. Lakini walitaka pia ankara ya umeme yenye jina na anwani yangu. Niliwaandikia kwamba umeme wetu ni wa LUKU, tunalipa kwanza ndipo tunawaka, kinachokuja ni tarakimu ishirini kwenye simu. Wakasema basi ankara ya maji. Nayo huja kwa ujumbe wa simu. Namba ya nyumba ninayo, ipo ukutani tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, ila hakuna karatasi hata moja inayokuja nyumbani kuifuata namba hiyo. Mwisho walikubali barua ya mwenyekiti wa mtaa pamoja na tafsiri yake, baada ya miezi miwili na nusu. Anayedhani benki ya mbali itaharakisha mirathi afikirie LUKU.

Kwenye bei tulipigana. Niliomba mchanganuo: saa ngapi, kazi gani, nani aliifanya. Haukuja. Dada akaandika malalamiko rasmi, na kule benki ikishapokea malalamiko rasmi ina wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Ikishindwa, au jibu lisipokuridhisha, unakwenda kwa msuluhishi wa malalamiko ya fedha, ambaye hamtozi mlalamikaji hata senti, na mrithi ana haki ya kumfikia hata kama akaunti haikuwa yake. Wiki ya sita wakashusha hadi asilimia 2.5. Pamoja na kodi ikawa pauni 5,400. Kwa hiyo ile bei iliyoandikwa kama sheria ilikuwa bei ya sokoni, na sisi watu wa Mtwara tulikaribia kuilipa bila kusema "punguza".

Ningeishia hapo kama shida ingekuwa fedha tu. Na lazima niwape haki yao: hesabu ya mwisho ilikuwa safi. Kurasa nne, kila stempu imeandikwa. Sijawahi kuona msimamizi wa mirathi wa kwetu akitoa karatasi kama ile, japokuwa aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali ndani ya miezi minne, na wote tunajua wangapi hupeleka.

Ila kwenye ukurasa wa pili wa hesabu hiyo kuna mstari mmoja: kuondoa vitu vya ndani visivyo na thamani, pauni 420.

Walileta kampuni ya kusafisha nyumba. Sanduku la bati la baba, lile la kijani aliloondoka nalo Mikindani, lenye jina lake kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko. Kofia zake za kufuma. Kaseti za taarabu. Msala. Dada alipita pale kwa bahati, akakuta gari limeshapakiwa nusu, akaomba dakika kumi. Alitoka na mfuko mmoja wa plastiki: kitabu chake cha ubaharia chenye mihuri ya meli, kofia mbili, na picha ya mama yangu akiwa kijana, ambayo sikujua kama aliihifadhi. Mama wa dada naye alikuwa akiijua miaka yote, na hakuitupa. Sanduku lilikwenda.

Sidhani kama kuna mtu pale benki aliyefanya kosa. Waliona bati lenye kutu. Baba mdogo, pamoja na maneno yake yote na jicho lake kwenye mashamba ya watu, asingeliacha sanduku lile kwenye gari la taka. Angelichukua yeye, na tungegombana miaka kumi kulirudisha, lakini lingekuwepo la kugombania.

Kwa hiyo mimi nimefanya vingine. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika wosia na kuutunza, na Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa wa serikali anayeweza kuwa wasii wako, yuko huko huko kwa wanaotaka taasisi. Nimeuliza gharama kabla sijashika kalamu, nikaamua waniandikie na kunitunzia tu. Wasii ni binti yangu wa pili, yule mkali wa hesabu. Jumapili nikampigia kumwambia, kwa sababu baba hakutupigia sisi. Nikaanza kumtajia vitu: nyumba, mikorosho thelathini na mbili kule Nanguruwe, mfuko wa plastiki wenye kitabu cha babu yake.

Akanikatiza. "Baba, kwani unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi usilete uchuro. Umekula?"

Nimempa wiki. Jumapili ijayo nampigia tena.