Ireland: Nani Aseme Haki Zipi Raia Anazo, Jaji au Mpiga Kura?

Gladys Ryan alikwenda mahakamani kupinga floridi, kemikali ya kuzuia meno kuoza, kutiwa kwenye maji ya bomba, akashindwa. Hata hivyo, kesi yake, ya miaka ya 1960, iliibadili Ireland kuliko nyingi zilizoshinda. Jaji John Kenny wa Mahakama Kuu aliona floridi haimdhuru mtu, lakini katika hukumu hiyohiyo akatamka kwamba kila raia ana haki ya mwili wake kutodhuriwa, ingawa haki hiyo haikuandikwa popote katika Katiba ya 1937. Alieleza kwamba Ibara ya 40 inazitaja kwanza haki za mtu kwa ujumla, ndipo inaorodhesha chache. Basi zipo nyingine, na kuzitambua ni kazi ya majaji. Mahakama ya Juu, iliyo juu ya Mahakama Kuu, ikaafiki.

Tunda la kwanza kubwa lilivunwa Desemba 1973. May McGee, mke wa mvuvi na mama wa watoto wanne, alikuwa ameonywa na daktari kwamba mimba nyingine ingeweza kumuua. Aliagiza dawa ya kuzuia mimba kutoka Uingereza, forodha ikaikamata kwa sheria ya mwaka 1935. Majaji wanne kati ya watano walisema dola haina ruhusa ya kuingia kwenye faragha ya wanandoa. Wabunge waliliogopa jambo hilo kiasi kwamba sheria ya uzazi wa mpango ilipita mwaka 1979 tu. Mama huyu angewasubiri wao, huenda angezikwa kabla ya kura kupigwa.

Wanaopinga majaji kuwa na uwezo huo wana hoja nzito, na si haki kuwaita wahafidhina wote kwa mkumbo. Haki isiyoandikwa huchotwa wapi? Jaji Kenny alinukuu waraka wa Papa Yohane XXIII kuimarisha hoja yake. Mwaka 1983 David Norris, mhadhiri wa Chuo cha Trinity, alipinga sheria za enzi ya Malkia Victoria zilizofanya mapenzi kati ya wanaume kuwa jinai. Jaji Mkuu O'Higgins akachota kisima kilekile: dola hii ni ya Kikristo, alisema, kwa hiyo haki ya faragha aliyoidai Norris haipo. Norris alishindwa kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Ilibidi aende Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, akashinda mwaka 1988, na sheria ikafutwa mwaka 1993. Imani iliyompa raia mmoja ngao ilimnyang'anya mwingine.

Hoja yao ya pili ni kwamba hukumu ya McGee ilizaa hofu. Wapinga utoaji mimba waliona majaji wakiweza siku moja kuuhalalisha, wakashinikiza kura ya maoni, na mwaka 1983 Marekebisho ya Nane yakaingia katika Katiba, yakilinganisha haki ya uhai ya mama na ya mimba. Matokeo yalionekana mwaka 1992, pale msichana wa miaka 14 aliyebakwa alipozuiwa na Mahakama Kuu kwenda Uingereza kutoa mimba. Mahakama ya Juu iliiondoa amri hiyo kwa sababu uhai wake ulikuwa hatarini: alikuwa akitaka kujiua. Bunge halikutunga sheria ya kutekeleza hukumu hiyo hadi mwaka 2013. Wananchi waliyafuta Marekebisho ya Nane mwaka 2018, kwa zaidi ya asilimia 66 ya kura.

Kwangu mimi, historia hii inawatetea majaji zaidi ya inavyowashtaki. Katiba ya Ireland haibadilishwi ila kwa kura ya wananchi, kwa hiyo jaji akikosea, nchi ina njia ya kumsahihisha. Bunge likinyamaza miaka ishirini, aliyeumia anamwendea nani?

Ndiyo maana siridhiki na tahadhari iliyowaingia majaji baadaye. Jaji Peter Kelly wa Mahakama Kuu aliiamuru serikali ijenge makao ya watoto wenye matatizo makubwa ya tabia, baada ya ahadi kupita bila kutimizwa. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikaibatilisha amri hiyo: kupanga sera na kugawa fedha ni kazi ya serikali. Mwaka 2020, katika kesi ya mabadiliko ya tabianchi, iliubatilisha mpango wa serikali wa kukabili mabadiliko hayo kwa kukosa maelezo mahususi yaliyotakiwa na sheria, lakini ikakataa kutambua haki ya mazingira bora. Jaji Mkuu Frank Clarke alitaka haki zitokane na maandishi na muundo wa Katiba yenyewe, na baada ya Kenny na O'Higgins naona busara hapo. Uamuzi wa 2001 ndio nisioukubali. Haki ya watoto wale ilikuwa imeshatambuliwa, kilichobaki kilikuwa utekelezaji, na wao hawapigi kura wala hawana chama cha kuwaandalia kura ya maoni.