Kitochi Chenye Miguu Sita

Nyenje anayelia ni dume. Jike yuko kimya, kazi yake kusikiliza na kuchagua. Wala dume halii kwa mdomo, au kwa kusugua miguu kama watu wanavyodhani. Anasugua mbawa za mbele, moja juu ya nyingine. Na masikio yake, hapo ndipo utacheka, yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Haya yote nilikuwa nayajua siku ile. Hayakunisaidia kitu.

Chuo chenyewe sikitaji. Kipo hapa hapa Dodoma, na mimi bado nakidai cheti. Tulikuwa tunasoma sayansi ya mazao, na idara ilikuwa na kitalu nyumba kizuri tu, chenye mtama na miche ya zabibu. Wadudu ndio walikosa bahati. Chumba chao kilikuwa stoo ya zamani ya viti, ukuta mmoja na ukumbi wa mitihani. Humo viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini 2017 wakatutafunia mahindi, kila mmoja alikaa kwenye kikombe chake chenye mfuniko, kwa sababu ukiwaweka pamoja wanakulana. Nyenje wao waliishi kijamaa: beseni moja kubwa, trei za mayai za kujifichia, chakula cha vifaranga, na pamba iliyoloweshwa maji, maana ukiwawekea maji kwenye kisahani wanazama. Juu yao inaning'inia taa ya joto. Mji huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hata mlinzi mwenye makoti mawili anatetemeka, sembuse mdudu anayetaka nyuzi 30 ndiyo aone raha.

Taa ikaungua wiki ya UE, ile mitihani ya mwisho wa muhula. Fundi akaitwa jioni, akafunua beseni apate pa kupitisha mkono, akabadilisha taa, akaenda zake. Mfuniko aliuegemeza ukutani, vizuri kabisa. Tumpe haki yake: taa iliwaka.

Asubuhi saa tatu, mtihani wa takwimu. Msimamizi alikuwa Madam mmoja ambaye wanafunzi walimwita Skana, na sidhani kama jina hilo alikuwa halijui. Mabegi mbele, simu zote kwenye mabegi, zimezimwa. Mezani kwake kitabu cha fomu za makosa ya mtihani kilikuwa kimeshafunguliwa ukurasa mpya.

Nusu saa haijaisha, chini ya kiti changu: kri. Kimya. Kri.

"Simu ya nani hiyo?"

Hakuna aliyejibu. Madam akaanza kuja, viatu vya kisigino juu ya saruji, ko, ko, ko. Mlio ukakatika. Nyenje ana vimkia viwili nyuma, vimejaa vinyweleo vinavyonasa hata kaupepo ka mtu anayesogea. Kisigino cha Madam kwake ni tetemeko la ardhi. Madam akageuka kurudi mezani. Kri. Akageuka tena. Kimya. Sasa jiweke kwenye nafasi yake: simu inayonyamaza kila ukikaribia na kulia kila ukiondoka, hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe yuko macho.

"Wewe wa sweta la kijani. Simama."

"Madam, huyu ni nyenje."

"Nyenje ndiye nani? Yuko mwaka wa ngapi?"

Nikapekuliwa. Kikatoka kikokotoo, rula, kitambaa cha kufutia kamasi, na kifuko cha ubuyu kilichokaguliwa punje kwa punje. Nikarudi kukaa. Kri. Madam akaandika namba yangu ya usajili kwenye fomu, polepole, huku ananitazama.

Ukumbi wenyewe haukuwa na dari, bati tupu, na jua lilikuwa linapanda. Kuna Mmarekani aitwaye Amos Dolbear, mwaka 1897 aliandika kwamba ukihesabu milio ya nyenje unaweza kukadiria joto la hewa, kwani kadiri linavyopanda ndivyo mdudu anavyoharakisha. Mzee yule alisema kweli. Kufikia saa tano kri ilishageuka krikrikrikri bila kuvuta pumzi. Madam akaja na sura ya huruma kabisa.

"Huyo anayekupigia ana shida kubwa. Nyumbani kuna msiba?"

Jirani yangu, mtoto wa Bukoba, akanong'ona, "Angekuwa senene ningekuwa nimeshalimaliza hili." Akahamishwa kiti papo hapo. Mara kona ya dirishani, mbali na mimi, dume mwingine akaanza kujibu. Nilidhani hapo ndipo nimepona. Madam akasimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni.

"Kumbe mnapigiana humu humu ndani!"

Mlango ukafunguka. Aliingia yule mzee wa maabara, koti jeupe, tochi mkononi, trei ya mayai kwapani, macho chini. "Samahani, Madam. Hamjaona watoto wangu?" Bila kusubiri jibu akapiga magoti, akaanza kutambaa kati ya viti. Ukumbi mzima ukaweka peni chini. Trei akaitia chini ya kiti changu, akangoja, akafunika kwa kikombe cha plastiki, akainuka anasugua magoti. Humo ndani mdudu mweusi, ana vidoa viwili vya manjano mabegani.

Madam alivaa miwani, akainama, akamwangalia muda mrefu.

"Anazimwaje?"

"Hazimwi, Madam. Ananyamaza akipenda."

Ikabaki fomu. Zile fomu zina namba, huwezi kuchana moja ukatupa. Penye "kifaa kilichokamatwa" alikuwa ameshaandika "simu, kitochi". Akaikata kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika "nyenje, dume", kisha akanisogezea peni nisaini upande wa mashahidi. Nikasaini. Swali la nne nilikuwa sijaligusa na mtihani ulikuwa unaelekea ukingoni, nikaomba kwa adabu zote niongezewe muda.

Akaitazama saa ya ukutani.

"Kamdai huyo dume wako."