Vuli Yetu Ina Mvua

Mpwa wangu wa darasa la tano alinionyesha picha kwenye simu: mti wenye majani mekundu, na chini yake maneno "majira ya vuli". Akaniuliza, "Mjomba, mbona hapa Pangani hatuioni vuli hiyo?"

Swali hilo limenikaa rohoni wiki nzima. Mtoto amezaliwa mahali ambapo vuli inamlowesha kila mwaka, halafu anadhani vuli iko Ulaya.

Vuli ni mvua za kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hata Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa vuli, inazungumzia mvua hizo. Mti wa majani mekundu huku kwetu ni mkungu, nao huyapukutisha wakati wa ukavu. Neno letu limechukuliwa likavalishwa msimu wa watu wengine, na kipupwe nacho kimepewa theluji. Kipupwe ninachokijua mimi ni ule ubaridi wa Juni na Julai, bibi anapojifunga khanga ya pili alfajiri na mwani umelala marundo ufukweni.

Huo ndio wakati kusi, upepo wa kusini, imekaza. Mlangoni mwa mto, mawimbi huumuka meupe, na mwenye ngalawa ndogo haendi mbali. Kabla yake inakuwa masika, ambayo wazee wetu huiita mwaka. Mto Pangani hushuka na rangi ya udongo, umebeba magogo na matawi, ukaichafua bahari hadi mbali. Maji yale, mengine yametoka Kilimanjaro na Meru, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu, ndiyo yanafika kwetu. Nikiwa mdogo nilikuwa nasimama kwenye kingo nikitazama magogo yakipita, nikijaribu kukisia yameng'olewa wapi.

Kisha kuna demani, kusi inapolegea. Demani pia ni jina la kamba ya kuongozea tanga, na sidhani kama kuna mtoto wa shule hapa mjini anayejua maana hata moja kati ya hizo mbili. Baada ya vuli hufuata kaskazi, upepo wa kaskazini: joto, maembe, bahari shwari. Kwa upepo huo majahazi yalikuwa yakishuka kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakasubiri kusi iyarudishe.

Ninachotaka ni kwamba watoto wa pwani wafundishwe kwanza majira haya, kwa majina yake, na mtu awatoe nje wayaone. Misimu ya Ulaya waijue pia, sina ugomvi nayo. Tuseme "majira ya majani kupukutika", au tutafute neno jingine, ila vuli tuiache ibaki na mvua yake. Mvuvi akisema "demani imeingia", amekwisha kueleza upepo, bahari na chombo gani kitoke. Jina likipotea, itabidi hayo yote aelezwe mtoto moja moja.

Jumamosi nilivuka na mpwa wangu kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Mvua ilitukuta katikati ya mto, juu ya pantoni, watu wakajibana penye kivuli cha lori. Yeye alibaki pembeni, kiganja amekikinga.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo hii."

"Ikikatika, inakuja nini?"

"Kaskazi," nikamwambia, naye akataka kujua itatokea upande gani.