Kengele Inayomziba Rubani Masikio

Hitilafu inapotokea angani, rubani anahitaji kujua mambo mawili: nini kimeharibika, na aanzie wapi. Kelele kali haimsaidii katika yote mawili. Ikizidi, humwongezea kazi nyingine, ya kutafuta namna ya kuizima, tena kabla hajaelewa ilikuwa inamwambia nini. Nasema wazi kwamba king'ora cha namna hiyo ni kosa la usanifu, na linawahusu abiria wote walioketi nyuma ya rubani.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1982 mtafiti wa usikivu Roy Patterson aliiandikia mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza mwongozo kuhusu sauti za tahadhari katika ndege za abiria. Alipendekeza sauti izidi kwa desibeli 15 hadi 25 kile kiwango ambacho ingeanza kusikika katikati ya mngurumo wa ndege. Ikiwa chini ya hapo inaweza kupotea; ikipanda zaidi inavuruga mawazo na mazungumzo. Alitaka pia isianze kwa kishindo cha kushtua, na iwe na vituo vya ukimya ili watu wapate kusemezana.

Vituo hivyo vya ukimya ndivyo ninavyovitetea kuliko vyote. Marubani wawili hufanya kazi kwa mdomo. Mmoja hutaja anachokiona, mwenzake huthibitisha. Orodha ya hatua za dharura husomwa kwa sauti. Mwongoza ndege naye anaongea redioni. King'ora kisichopumua huyakata mazungumzo hayo katika dakika ambayo kila mmoja anamhitaji mwenzake kuliko wakati wowote.

Wapo wanaoamini kwamba sauti ikiwa kubwa vya kutosha lazima itasikika. Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France namba 447 ilipokuwa juu ya Atlantiki, tahadhari ya kwamba mabawa hayaibebi tena ililia kwa sekunde 54 mfululizo. Katika kinasa sauti, hakuna rubani aliyeitaja. Watu 228 walikufa. Watafiti wa Toulouse, Ufaransa, akiwemo Frédéric Dehais, wameonyesha kwenye mitambo ya kuigiza urubani kwamba akili iliyolemewa na kazi inaweza kuikosa kabisa kengele iliyo wazi. Sikio linapokea, lakini ubongo hauna nafasi.

Na kusikia nako hakutoshi. Mwaka 2005, katika ndege aina ya Boeing 737 ya shirika la Helios iliyotoka Larnaca, Cyprus, honi ilianza kulia ndege ikiendelea kupanda, kuonya kwamba hewa ndani ya ndege inapungua. Marubani waliisikia vizuri. Shida ni kwamba honi hiyohiyo ndiyo iliyotumika kuonya kwamba ndege haijapangwa sawasawa kwa kuruka, na wao wakaichukua kuwa hiyo. Walipoteza fahamu, watu wote 121 waliangamia karibu na Athens. Ungeipandisha sauti ile mara kumi, maana yake ingebaki ileile yenye utata.

Najua nitajibiwa kwa ajali ya ndege ya shirika la Eastern, namba 401, ya mwaka 1972, karibu na Miami, Marekani. Mlio mpole wa kuonya kwamba ndege inashuka ulisikika, lakini marubani walikuwa wameinamia taa ya gurudumu la mbele iliyokuwa na hitilafu, wala hawakuutilia maanani. Ni hoja nzito, siipuuzi. Lakini inachonifundisha ni kwamba onyo lisilojibiwa lirudi, na lirudi likiwa na uzito zaidi. Haisemi kila onyo lianze kwa kupiga kelele.

Tatizo ni kwamba hakuna mtengenezaji anayelaumiwa kwa kengele iliyolia sana. Lawama humfika pale tu isipolia. Kwa hiyo kila mfumo unapewa mlio wake, kila mlio unaongezwa nguvu, na hakuna anayekaa kusikiliza milio yote kwa pamoja. Hatari hiyo ilionekana kwenye ajali mbili za ndege aina ya Boeing 737 MAX za 2018 na 2019. Usukani wa nahodha ulitetemeka kwa kishindo karibu safari nzima, kuonya kwamba mabawa hayaibebi ndege, huku tahadhari nyingine zikijitokeza. Septemba 2019 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilieleza kwamba majaribio ya kutathmini jinsi marubani wangeitikia hitilafu ya mfumo mpya wa ndege hiyo, ulioshusha pua yake wenyewe, hayakuhusisha tahadhari hizo nyingine ambazo zingeandamana nayo.

Hapo ndipo ninapotaka sheria ibane. Kabla ndege haijapewa kibali, marubani wa kawaida wa mashirika, si wale mabingwa wa majaribio peke yao, wawekwe kwenye mtambo wa kuigiza na wafunguliwe kengele zote ambazo hitilafu moja inaweza kuziamsha. Wapimwe kama wanaweza kusomeana orodha ya dharura na kuelewana bila kupaza sauti. Wasipoweza, kengele zirudi kwa mhandisi, na ndege isubiri.