Tundu la dijitali nyuma ya kompyuta: nani analihitaji?

Ukinunua kompyuta ya mezani ya mtumba pale Mwanjelwa, igeuze nyuma. Baadhi zina tundu dogo la mraba lenye kifuniko, kando ya matundu ya jeki yenye rangi. Muuzaji atakwambia, "Hilo la dijitali, kaka, sauti yake safi zaidi." Ana haki nusu, lakini nusu hiyo ina uzito.

Mimi hurekodi kwaya hapa Mbeya, na kinachonisumbua kuliko hata mvua juu ya bati ni mvumo. Kompyuta iko kwenye soketi moja, mikisa kwenye nyingine ng'ambo ya chumba, ethi zao zinakutana kupitia waya wa sauti, basi umeme wa hezi 50 unaimba pamoja na besi. Jumamosi moja nilichomoa jeki, nikaunganisha mikisa ya dijitali kwa waya wa mwanga kwenye tundu la aina hiyo, la kuingizia sauti. Mvumo ukakatika papo hapo. Ndani ya waya ule hakuna shaba, ni mwanga tu unaopita, kwa hiyo umeme hauna njia. Tena sauti inakuwa imeshageuzwa namba kwenye mikisa, mbali na feni na pawasaplai ya kompyuta. Kwangu mimi, faida yenyewe ni hiyo. Na kwenye kadi za studio zenye mfumo wa ADAT, tundu hilohilo hubeba njia 8 za sauti badala ya 2. Soprano, alto, teno na besi, kila kundi na maikrofoni zake!

Ila lina masharti. Mikisa na kompyuta kila kimoja kina saa yake ya kuhesabu sampuli, yaani vile vipimo vya sauti vinavyogeuzwa namba, na lazima kimoja kiongoze, kingine kifuate. Visipofuatana utasikia "tik" hapa na pale katikati ya ubeti. Siku moja mikisa ilikuwa kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, programu nimeiacha kwenye 44,100. Kuusikiliza wimbo, umekuwa mzito na umeshuka zaidi ya nusu toni. Wanakwaya walikuwa wameshapanda daladala kurudi Uyole.

Kwa anayetazama filamu kwa spika mbili za kawaida, sioni sababu ya kuongeza hata shilingi. Spika zenyewe hazina pa kuchomeka waya huo. Mwenye spika nyingi naye, HDMI inambebea njia 8 bila kuzibana, wakati tundu hili la kawaida la dijitali linabeba 2 tu, zikizidi lazima zibanwe. Hata studio nyingi ndogo sasa zinatosheka na kadi ya nje ya USB.

Ukiamua kulitumia, chagua la mwanga, si la waya wa shaba, maana shaba inaweza kuurudisha mvumo uleule. Usiupinde waya ukavunjika ndani. Na kabla hujalipa, mwombe muuzaji awashe kompyuta, fungua kifuniko: tundu la kutolea sauti likiwa zima, kwa kawaida utaona mwanga mwekundu ndani.